Kifundo cha Muthamia

Njumu ilishuka kutoka juu kama shoka linalopasua kuni, na Mithika akasikia mlio akiwa amechuchumaa kando ya uwanja, hatua ishirini kutoka pale. Watu wengine wote walisikia filimbi ya refa. Yeye alisikia mfupa.

Mwanawe Muthamia alikuwa chini, ameushika mguu wa kulia kwa mikono miwili, kinywa wazi, sauti haitoki. Bao alikuwa ameshalifunga. Mpira ulikuwa bado unazunguka wavuni wakati beki yule alipomfuata na kumkanyaga kwa hasira ya kushindwa. Kilichofuata hakikumngoja refa. Mashabiki wa Mikinduri waliruka kamba, wakamshika beki kabla hajawafikia wenzake, wakamlaza chini, na kila aliyekuwa na mguu akampiga teke lake. Mama mmoja muuza karanga alimpiga kwa sinia. Walipomwachilia, meno manne yalikuwa yametoka, na alitambaa kwenye nyasi akiyatafuta kwa vidole.

Mithika hakumtazama. Alipiga magoti mbele ya mwanawe, akafungua kiondo, akatoa kisu kidogo na kukata kamba za kiatu.

"Usiguse, baaba! Usiguse!"

"Nyamaza. Sijagusa bado."

Timu ya Mikinduri haikuwa na daktari. Ilikuwa na Mithika. Siku sita za wiki alikaa kwenye kibanda cha soko akifunga miraa kwa majani ya mgomba, vifungu kwa vifungu, kabla magari ya Nairobi hayajaondoka. Kazi hiyo ina sheria moja tu: ukikaza sana, miraa inatoa jasho na kuwa nyeusi, ukilegeza, upepo unaingia na kuinyausha. Mikono iliyojua hivyo ndiyo iliyopelekwa uwanjani siku ya saba, ikapewa plasta na bendeji badala ya majani, na vifundo na magoti badala ya miraa. Wachezaji walisema kufungwa na Mithika ni kama kushikwa na mama yako.

Aligonga kisigino cha mwanawe kwa konzi ndogo, polepole, kama mtu anayebisha hodi kwa jirani mgonjwa. Mguu ulioteguka tu, ukigongwa kisigino, uchungu hubaki kwenye kifundo. Uchungu wa Muthamia ulipanda mundi hadi gotini, na mwili wote ukaruka. Mithika akajua. Aliomba asijue, lakini akajua.

"Fainali ni Jumamosi," sauti ilisema juu ya kichwa chake.

Ilikuwa sauti ya Marete, mwenyekiti wa timu, mwenye malori ya miraa na mwenye kibanda ambamo Mithika alifanyia kazi. Alikuwa na koti la suti na fimbo ya mpingo ambayo hakuihitaji kwa kutembea.

"Mwenyekiti, hii mguu imevunjika," Mithika alisema.

"Imevunjika wapi? Mimi naona imefura tu."

"Imevunjika ndani."

"Ndani!" Marete aliwageukia watu waliokuwa wamewazunguka. "Mithika siku hizi ako na macho ya kuona ndani ya watu. Mnasikia? Kazi yako ni kufunga. Funga."

Watu walicheka. Hata mlinda lango alicheka, naye Mithika alikuwa amemfunga vidole asubuhi hiyohiyo.

"Twende hospitali wapige picha," Mithika alisema.

"Wamtie simiti miezi miwili? Jumamosi kuna watu wa timu ya Nairobi wanakuja hapa kumuona. Timu ya kampuni, ya kazi na nyumba. Wewe umewahi kukaa nyumba ya stima?"

"Nitacheza," Muthamia alisema kutoka chini, akiuma meno. "Baaba, nifunge tu. Nitacheza."

Nyuma ya watu, kwenye kivuli cha mkuyu, alisimama Rwamba na gongo lake. Miaka mitano nyuma goti la Rwamba lilikuwa limejaa usaha siku ya fainali, na watu wakataka acheze, naye Mithika akalifunga kwa nguvu zote kwa sababu watu wametaka. Rwamba alicheza dakika tisini bila kusikia kitu. Jumatatu mguu ulikuwa mweusi. Ulikatwa juu ya goti, na tangu hapo Rwamba aliuza ugoro sokoni na hakuitikia salamu ya Mithika hata siku moja. Leo pia alimtazama tu, akatema mate, akageuza gongo lake na kwenda zake.

Mithika alimbeba mwanawe mgongoni, kijana wa miaka ishirini na mbili, wakashuka naye nyumbani. Hakuna aliyemsaidia, ila nyimbo za ushindi ziliwafuata njia nzima.

Uvimbe uliposhuka kidogo siku ya Jumatano, Muthamia alianza kukanyaga. Alizunguka ua akishika ukuta, jasho likimtoka, akisema hauumi. Mama yake, Phyllis, alimkanda mguu kwa maji ya moto na chumvi, lakini jambo lingine lilikuwa limemkaa rohoni. Nusu fainali ya pili ilikuwa imechezwa kule Embu, na timu iliyoshinda ilikuwa ya Kanja. Kanja, huko huko Embu, ndiko alikozaliwa.

Mikinduri hawakuwa wamesahau hilo, ingawa Phyllis alikuwa amekaa kwao miaka ishirini na mitatu, amezaa kwao na kuzika kwao watoto wawili. Alhamisi alipokwenda kuchota maji, wanawake walimwachia nafasi mbele ya foleni. "Pita, mgeni," walisema, "Jumamosi utakuwa na watu wako." Alipita, akachota, na akarudi na mtungi nusu kwa sababu hakungoja ujae.

Ijumaa alasiri kakake akaja. Ngari alikuwa mwalimu, amefuatana na timu ya Kanja, na timu ilikuwa imepewa madarasa mawili ya shule ya msingi ilale humo. Mithika alimwona akipanda njia ya kijiji mchana kweupe, amevaa tai, na kwapani amebeba jogoo mwekundu mkubwa kuliko majogoo wote wa tarafa ile. Kila mtu alikuwa mlangoni kwake akimtazama.

"Angekuja siku nyingine," Mithika alimnong'oneza mkewe. "Angekuja Jumapili."

"Apite hapa bila kuingia kwa dadake? Kwetu watasema nimekufa, ama umenikataza watu wangu. Ngai! Unataka nimfukuze?"

Shemeji hafukuzwi. Mtu wa Meru anaweza kumfukuza chifu, lakini muthoni, ndugu ya mke wake, akija na jogoo, huyo anaketishwa kwenye kiti chenye mgongo. Kwa hiyo jogoo alichinjwa, Ngari akala, akamtazama mpwawe mguu na kutikisa kichwa.

"Mjomba," Muthamia alisema akijaribu kucheka, "mmekuja kunipeleleza?"

"Nimekuja kukuona. Hiyo mguu si ya mpira, mwanangu. Kama ungekuwa kijana wa timu yangu, ningekuficha chini ya kitanda."

"Ndio mshinde!"

Ngari akainuka. Aliaga mapema, na manyoya ya jogoo yakabaki kwenye ua, mekundu, yakipeperuka hadi kwa majirani. Mwenyeji alipaswa kupona mgeni ajapo. Ndivyo wanavyosema watu.

Jua lilikuwa halijazama Muthamia aliposimama mlangoni, mkono mmoja ukutani.

"Kesho utanifunga saa ngapi?"

"Sitakufunga."

"Baaba."

"Ari. Nimekataa. Nimekataa leo na kesho nimekataa. Huo mfupa una ufa. Ukiukimbilia utafunguka, na ukifunguka utatoka nje ya ngozi, na hapo hakuna Nairobi."

"Unataka nifunge miraa kama wewe?"

"Miraa imekulisha."

"Imenilisha ugali na maharagwe!" Muthamia alipiga kelele. "Watu wanakuja kunitoa hapa, na wewe, baba yangu, unanishika mguu! Sawa. Nitaenda kwa fundi wa baiskeli. Ako na blada za magurudumu. Atanifunga na blada mpaka nisisikie kitu."

"Rwamba pia hakusikia kitu."

Lilikuwa neno la kweli, lakini lilisemwa vibaya, kwa kejeli, na Mithika alijuta kabla halijamaliza kutoka. Muthamia alimrukia kwa mguu mmoja. Alimshika baba yake ukosi wa shati, akamkandamiza ukutani mpaka udongo ukamwagika, na ngumi ikainuka. Phyllis alijitupa katikati na upawa bado mkononi. Kiwiko cha mwanawe kilimpata mdomoni. Alianguka chali, kisogo kikagonga jiko la mawe, na sufuria ya mchuzi ikapinduka juu ya majivu.

Ngumi ya Muthamia ilikuwa bado juu, na aliitazama kama si yake. Kwao mtoto aliyempiga mama hata kwa bahati mbaya huchinjiwa kondoo ndipo aingie tena nyumbani, na anayempiga baba hakuna kondoo wa kumtosha.

Phyllis aliketi. Alitema damu kwenye kiganja, akapapasa jino kwa ulimi, akalikuta liko.

"Mfunge," alimwambia mumewe. Midomo ilikuwa imeanza kufura na maneno yalitoka mazito. "Akienda kwa huyo wa baiskeli atarudi na gongo. Mfunge wewe. Afadhali mikono yako."

Mithika alimwelewa. Walikuwa wameishi pamoja muda wa kutosha kuelewana bila kumaliza sentensi. Usiku ule alilala kidogo, na kabla ya jua kutoka alishuka mtoni akakata mwanzi mmoja.

Asubuhi alimketisha mwanawe kwenye kiti kilekile cha shemeji. Aliuosha mguu, akaukausha, akaupaka mafuta mahali penye vinyweleo. Alimwambia atazame juu kwenye paa na ahesabu mabati, kama alivyowaambia wachezaji wote wenye woga, na kijana akatazama juu.

Mguu wa mchezaji hufungwa hivi: kwanza pete mbili za plasta kwenye mundi, halafu tepe zinazopita chini ya kisigino kutoka upande hadi upande, halafu bendeji inayovuka juu ya wayo na kurudi nyuma ya kifundo, mara nne au tano. Ukimaliza, kifundo hakiendi kando, lakini wayo unapanda na kushuka. Bila kupanda na kushuka hakuna mbio.

Mithika aliweka pete mbili. Kisha, chini ya pamba, akalaza fito mbili za mwanzi alizozichonga nyembamba, moja kila upande, kutoka wayo hadi katikati ya mundi. Aliusimamisha wayo wima kama ukuta na sakafu, akaanza kuzungusha. Alifunga mfupa. Hakufunga mchezaji. Alifunga mpaka wayo usiende juu wala chini, na mikono yake, ambayo haikuwahi kumdanganya mtu tangu siku ya Rwamba, ilidanganya vizuri sana.

"Imekaza," Muthamia alisema.

"Ikipata joto italegea."

"Imekaza kama mti, baaba."

"Plasta hulegea na joto. Hujui? Nimekufunga mara ngapi?"

Hilo kila mchezaji wa Mikinduri alilijua. Muthamia alirudi kuhesabu mabati. Mithika alibonyeza ukucha wa kidole gumba cha mguu mpaka ukawa mweupe, akauachilia, akasema kwa sauti, "Mikinduri." Kabla hajamaliza neno, wekundu ulikuwa umerudi. Hiyo ilikuwa saa yake ya kupimia damu. Rangi ikirudi kabla ya neno kuisha, damu inapita; isiporudi, fungua upesi.

"Jana," Muthamia alianza, macho bado kwenye mabati, "jana, baaba..."

"Hesabu mabati," Mithika akasema.

Dakika ya kumi ya fainali watu walikuwa bado wanaimba jina la Muthamia. Dakika ya kumi na tano waliacha. Mpira ulimjia mara tatu akiwa peke yake mbele ya lango la Kanja, na mara tatu alifika nao kama mzee anayevuka shamba lililolimwa, akiuburuta mguu, mabeki wakimchukua mpira bila hata kumgusa. Mithika, kando ya uwanja, alikuwa akimwomba Mungu neno moja tu: atolewe. Atolewe sasa.

Kanja walifunga. Wakafunga tena. Kwenye viti vya wageni, wanaume wawili wa Nairobi waliangalia saa, wakaongea na diwani aliyekuja kukabidhi kombe, wakaanza kucheka juu ya jambo lingine kabisa.

"Toa kiwete!" mtu alipaza sauti.

Uwanja mzima ulilipokea kama wimbo. Toa kiwete! Toa kiwete! Walilipigia makofi. Wale walioimba nyimbo za ushindi Jumapili ndio waliolitamka kwa nguvu zaidi. Kokwa ya parachichi ilimgonga Muthamia sikioni, halafu jiwe. Kocha alimpungia mkono atoke, naye akatoka akiburuta mguu mbele ya watu wote, uso umelowa machozi.

Marete alikuwa akimngoja kwenye mstari.

"Wewe ulisema mguu umepona!"

"Umepona!" Muthamia alilia. Alikuwa hajui anasema nini, au alijua. "Haukunjiki! Muulizeni baba yangu. Yeye ndiye amenifunga hivi!"

Marete aliinama. Aliigonga bendeji kwa fimbo yake, upande wa nje. Ikalia ko! Akagonga upande wa ndani. Ko! Aliinua macho polepole, na wote waliokuwa karibu walikuwa wameusikia mlio wa mti.

"Amemtia mbao," Marete alisema. Kisha akapaza sauti. "Amemtia mbao kijana wake mwenyewe! Jana shemeji yake Mwembu alimletea jogoo. Mimi mwenyewe nimeona manyoya. Mechi imeuzwa na jogoo!"

Mithika alisimama. Alitaka kueleza, alikuwa hata amefungua mdomo. Ngumi ya kwanza ililitia neno ndani pamoja na jino. Alianguka kwenye kiondo chake, plasta zikatawanyika, na miguu ikaja. Aliijua miguu ile. Aliona goti alilolifunga mwezi uliopita likimjia mbavuni. Alimwona mlinda lango akimpiga teke kwa kifundo alichokiponya yeye, na kifundo kilikuwa imara kabisa.

"Mikono!" Marete alikuwa akisema. "Hiyo mikono ndiyo imekula jogoo!"

Walimburuta hadi kwenye mlingoti wa lango la zamani uliokuwa umeng'olewa ukalala chini. Wanne walimkalia mgongoni. Mmoja aliunyoosha mkono wa kulia juu ya mlingoti, vidole vimetandazwa, na mwingine, mwenye njumu, akaruka kwa miguu miwili. Mithika alisikia vidole vyake kimoja kimoja. Alikuwa mtu wa kusikia mifupa, na alivisikia vyote. Aliita jina la mwanawe. Njumu ziliruka tena, kisha wakautafuta mkono wa kushoto.

Phyllis alikuwa akipasua umati kwa kucha na meno. Mtu alimvuta kilemba, mtu akampiga na chupa begani, wengine wakimwambia arudi Embu na jogoo wake. Hakufika. Ngari na vijana wa Kanja walikuja mbio kutoka upande wa pili, na mawe yakaanza kuruka pande zote mbili.

Aliyefika wa kwanza alikuwa Rwamba. Alikuja akiruka kwa mguu mmoja, gongo ameliinua kwa mikono miwili, na alilishusha kwenye kichwa cha yule mwenye njumu kwa nguvu ya miaka mitano. Mtu yule alilala. Rwamba naye alianguka, maana hakuwa na kitu cha kumshikilia, lakini alianguka juu ya Mithika, akamfunika, na akaendelea kuzungusha gongo akiwa chini, akipiga mundi, akipiga magoti, akitukana kwa Kimeru matusi ambayo hata walevi wa Mikinduri walikuwa hawajayasikia. "Njoo! Nani mwingine ako na miguu miwili? Njoo!"

Askari wa chifu alipiga risasi mbili hewani. Watu walitawanyika, wakaacha viatu, makofia na Mithika na Rwamba juu ya mlingoti. Muthamia alikuwa amekaa palepale kwenye mstari, mguu umenyooka mbele yake, mikono imefunika masikio.

Hospitali ya misheni iliwapiga picha baba na mwana. Tabibu, mwanamke mfupi mwenye miwani, alizipachika picha kwenye taa, akaanza na ya mguu.

"Huu ufa mnauona? Umepita mfupa wote. Angekimbia na mguu huu, mfupa ungetoka nje, na nina hakika tungekata." Alizichukua zile fito mbili za mwanzi kutoka kwenye beseni, akazigeuza mkononi. "Mfupa haujasogea hata kidogo. Nani alifunga hii?"

Phyllis, mdomo umefura na bega limefungwa, alimtazama mwanawe. Muthamia aliitazama sakafu.

"Nilitaka kumpa kazi," tabibu alisema akicheka kidogo. Kisha akaipachika picha ya mikono, na kicheko chake kikaisha. Vidole saba. Wa kushoto utarudi, alisema. Wa kulia hautakunjika tena, ila kidogo, kama wa mtu aliyeshika gunzi. "Alikuwa anafanya kazi gani?"

"Kufunga," Phyllis alisema.

Waswahili husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakusema mkuu mwenyewe, naye amesema, huvunjwa nini.

Jumatatu ya pili baada ya hapo Marete alimtuma mtu kuchukua ufunguo wa kibanda. Hakuja mwenyewe. Hakuna aliyekuja, ila Rwamba, ambaye aliketi uani alasiri nzima bila kusema mengi, akaacha kopo la ugoro, akasema "Haya, Mithika," na kwenda. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu, miaka mitano ikiwa imepita.

Bendeji za mikono zilipaswa kubadilishwa kila siku, na hospitali ilikuwa mbali. Bega la Phyllis lilikuwa halijapona. Kwa hiyo Muthamia alijiburuta kwenye mkeka, mguu ndani ya simiti, akaketi mbele ya baba yake na kiondo kilekile, kilichokuwa bado na alama za viatu.

Alifungua bendeji ya zamani. Ilipofika mwisho, aliviona vidole kwa mara ya kwanza, vyeusi na vya manjano, vimeelekea pande zisizo zake. Plasta ikamtoka mikononi.

"Weka pamba kati ya vidole," Mithika alisema. "Kidogo. Hujazi gunia."

Muthamia aliweka pamba.

"Anza chini, kwenye mkono. Panda. Usivute. Wacha bendeji ijiendee."

Alizungusha mara moja, mara mbili. Machozi yalikuwa yakidondoka kwenye bendeji safi na hakuwa na mkono wa kuyafuta.

"Baaba. Mimi ndiye nilisema. Pale uwanjani. Mimi ndiye nilikutaja."

"Nilisikia."

"Ulisikia?"

"Nilikuwa karibu." Mithika alivuta pumzi, bendeji ilikuwa imemuuma. "Umekaza hapo. Legeza. Miraa ikikazwa inakuwaje?"

"Inakuwa nyeusi."

"Haya."

Alilegeza. Alirudia upya, polepole, bendeji ikivuka juu ya kiganja na kurudi, mpaka mkono ukawa mweupe na mzito, ncha tu za vidole zikiwa nje. Haikuwa kazi nzuri. Ilikuwa na mikunjo. Mithika aliitazama muda mrefu, akaigeuza huku na huku, na hakusema ni mbaya.

"Sasa pima damu."

Muthamia alibonyeza ukucha wa kidole gumba mpaka ukawa mweupe. Aliuachilia. "Mikin..."

"Ari," baba yake akasema. "Hilo sitaki kusikia."

"Niseme nini?"

Mithika alifikiri. Nje kulikuwa na manyoya mawili matatu mekundu bado yamenasa kwenye ua.

"Sema Kanja. Sema mara mbili, ni fupi, na damu yangu siku hizi inakuja polepole."

Mekoni Phyllis aliinua kichwa. Aliuacha mwiko ndani ya chungu na kusikiliza.

Muthamia alibonyeza tena, akaachilia.

"Kanja," alisema. Ukucha ulikuwa bado mweupe. Aliinama karibu zaidi. "Kanja."